Someni Dua, Lakini Mtoto Afike Hospitali

Mtoto akianguka kifafa hapa Iftin, Garissa, neno la kwanza kusikika ni jini. Watu hurudi nyuma wakiogopa povu, eti likikugusa nawe utaanguka. Mmoja analazimisha kijiko katikati ya meno, mwingine anakimbilia kumwita sheikh. Hakuna anayemlaza ubavu ili mate yatoke asipaliwe, wala wa kumwondolea mawe karibu na kichwa.

Majini wametajwa ndani ya Qurani na mimi Mwislamu siwakanushi. Ninachokataa ni kumbebesha jini ugonjwa wa ubongo. Tabibu Ibn Sina alieleza kifafa kuwa ugonjwa wa ubongo katika kitabu chake cha tiba, Qanun, karibu miaka 1,000 iliyopita. Na yule mwanamke aliyemlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba huanguka na kufunuka nguo, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, hakupigwa wala hakufungwa kamba. Aliahidiwa Pepo kwa subira yake, akaombewa asifunuke. Basi wanaowachapa watoto fimbo ili jini atoke wamefundishwa na nani?

Watafiti wa Kilifi na wenzao wa Tanzania, Uganda, Ghana na Afrika Kusini walipitia watu zaidi ya nusu milioni wakitafuta kinachoambatana na kifafa, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kwa watoto walikuta matatizo ya mimba na ya kuzaliwa, na majeraha ya kichwa. Kwa watu wazima, kulazwa kwa malaria au homa, na vimelea. Sisi tunayajua hayo kwa macho: mama anashikwa na uchungu usiku mbali na zahanati, mtoto anatoka bila kulia, kijana anaanguka na bodaboda bila helmeti.

Tiba nayo ipo. Nakuru, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, wagonjwa 302 walipewa fenobabito au kabamazepini. Zaidi ya nusu ya waliomaliza mwaka hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya mwisho. Fenobabito inatumika tangu 1912 na ni katika dawa za bei nafuu kabisa za kifafa. Kama ni jini, mbona anazuiwa na kidonge?

Kinachoniuma ni miaka inayopotea. Familia inauza mbuzi mmoja baada ya mwingine kulipia visomo, kombe na hirizi. Msichana anatolewa shule, anakatazwa kusogea jikoni, posa haziji, na bado anaanguka.

Masheikh wetu, someni dua, hakuna anayewazuia. Lakini mzazi akija kwenu, mwambieni apite Hospitali ya Rufaa ya Garissa siku hiyo hiyo, na mumkumbushe asikatize dawa kwa sababu mtoto amekaa mwezi bila kuanguka. Ikikatwa ghafla kifafa hurudi, pengine kwa ukali zaidi. Nayo kaunti ihakikishe kidonge cha kifafa hakikosekani zahanati. Mzazi akirudi mikono mitupu mara mbili, safari ya tatu ataelekea kwa mganga.