Watoto wetu wasitembezwe Lamu kama watalii

Shule zetu za bara zina desturi njema ya kuwapeleka wanafunzi pwani, na baadhi yazo hufika hadi Lamu. Safari yenyewe si mchezo. Ni usiku kucha garini, kisha mashua kutoka Mokowe, kisha kutembea kwa miguu, kwani katika vichochoro vya mji mkongwe hakuna gari lipitalo na mzigo hubebwa na punda. Wazazi hujinyima ili watoto waende. Basi si haki mtoto arudi kwao akiwa hana alichobeba ila picha na bangili.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kufuatana na wanafunzi wa kidato cha tatu katika ziara kama hiyo. Shule yao sitaitaja, kwa sababu kosa nitakalolieleza si lao peke yao. Tuliposhuka gatini tulipokewa na kijana mcheshi, nadhifu, mwenye kibali chake kifuani. Akaanza kutueleza habari za kisiwa kwa Kiingereza fasaha, akitia mzaha pale ambapo, bila shaka, wageni wa ng'ambo huangua kicheko. Wanafunzi hawakucheka. Kwa muda wa saa mbili tukapitishwa ngomeni, katika makavazi, sokoni, mbele ya misikiti na ndani ya nyumba moja ya kale, mbiombio kama watu wanaohesabiwa.

Katika nyumba ile msichana mmoja alisimama mbele ya ukuta uliojaa vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, vimenakshiwa kwa mkono. Akauliza vinaitwaje. Mwongozaji akamtajia neno la Kiingereza, akasonga mbele. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akifagia kiwandani, akaacha ufagio.

"Ni zidaka, mwanangu."

"Zidaka? Zile za Al-Inkishafi, nyanya?"

"Ndizo hizo."

Nilimwona msichana yule akirudi nyuma hatua mbili ili autazame ukuta upya. Darasani alikuwa amesomewa habari za Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi aliyeusia moyo wake kwa kuutajia majumba ya matajiri wa Pate yalivyogeuka makao ya popo. Alikuwa amelikariri neno hilo na kuandika maana yake pembeni mwa daftari. Sasa alikuwa amesimama mbele ya zidaka zenyewe, na nusura apite bila kujua. Aliyemwokoa ni mfagizi, wala si mtu aliyelipwa kumwelimisha.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Mtalii kutoka Roma au Berlin hana budi kuelezwa Lamu kwa lugha anayoielewa. Mwanafunzi wa Kenya ni mtu mwingine kabisa. Huyu amekwisha kuijua lugha iliyojenga mji huu, na Katiba yetu ya mwaka 2010 imeitaja kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kumtembeza Lamu kwa Kiingereza ni kumfanya mgeni katika nyumba ambayo ufunguo wake anao mfukoni.

Walimu wa ushairi watanielewa upesi zaidi. Tumewafundisha watoto kwamba mshairi anaposema "mato" badala ya macho, au "ndia" badala ya njia, ametumia uhuru wake wa kishairi. Jibu hilo hupata alama. Lakini mpeleke mtoto huyo penye duka la samaki pale Lamu, umwache asikilize kwa robo saa. Atawasikia watu wakisema "mato" na "ndia" huku wakipigania bei ya samaki, wala hakuna anayetafuta vina. Hapo ataelewa kwamba washairi wale waliandika kwa Kiamu kwa sababu Kiamu ndicho kilichokuwa kinywani mwao. Somo hilo halimo katika kitabu chochote cha mwongozo nilichopata kukiona, na bei yake ni robo saa ya kusimama kimya. Sisi robo saa hiyo hatukupewa.

Nyumba yenyewe ilikuwa na mengi ya kusema. Ukiingia unapita daka, unafika kiwanda kilicho wazi kwa anga, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na nyuma yake ndani. Kila chumba ni kirefu na chembamba. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini watu matajiri kiasi hicho walikubali kuishi katika vyumba vyembamba, na mwongozaji akasema ndiyo mitindo ya zamani. Jibu limo darini. Dari la nyumba ya mawe ya Lamu hushikwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa ikizidi urefu fulani. Kwa hiyo upana wa chumba ulipimwa na mti wa baharini. Hapo mwalimu wa hisabati, wa jiografia na wa Kiswahili wangeweza kufundisha kwa pamoja mchana kutwa bila kuhamisha wanafunzi. Ingefaa pia watoto wajue kwamba miti hiyo, ikiletwa sokoni, hupewa majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo.

Alasiri tulipanda mashua kwenda Takwa, magofu yaliyo katika kisiwa jirani cha Manda. Mkondo unaoelekea huko hupita katikati ya mikoko na haupitiki ila maji yakijaa. Mwongozaji alitwambia kwamba tunachokiona ni mikoko na kwamba mikoko ni muhimu kwa mazingira. Ni kweli, na ni kama kumwambia mtu akiwa sokoni kwamba anaowaona ni watu. Nahodha, mzee mkavu wa maneno aliyekuwa ameshika usukani, ndiye aliyetutoa gizani mvulana mmoja alipomsogelea. Ule wenye mizizi iliyopinda kama matao ni mkoko wenyewe. Ule ambao mizizi yake inachomoza matopeni kama vidole ni mchu. Kule mbele ni mlilana, ambao mafundi huupenda kwa mataruma ya vyombo. Mkandaa gome lake hutoa rangi. Muia, mkomafi, msikundazi: mzee alikuwa akionyesha kwa kidevu, mikono haikutoka kwenye usukani. Mvulana alikosa karatasi, akaandika kiganjani. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii, na majina yake yote yamo katika lugha inayotahiniwa katika shule zetu. Lakini waulize watahiniwa wetu ni wangapi wanaoujua mchu.

Takwa yenyewe ni mahali pa kukaa kitako. Mji huo ulistawi kati ya karne ya 15 na ya 17. Upo msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, lipo kaburi la nguzo lenye tarehe inayolingana na mwaka 1681 au 1682, na ipo mibuyu iliyoota penye nyumba za watu. Wenyeji waliuhama, na wengi wao, kwa masimulizi ya huko, walivuka maji na kwenda kukaa Shela. Kwa nini walihama? Swali hilo lingetosha kuwaweka wanafunzi chini ya mbuyu saa nzima wakibishana. Lakini tulichelewa kutoka mjini, na nahodha alikwisha kuanza kuangalia mkondo. "Mwalimu, maji yatoka. Tukikawia tutalala hapa." Tukakaa Takwa dakika ishirini.

Katika dakika hizo ishirini tuliambiwa kwamba miji hii yote ilijengwa na Waarabu. Nilisikitika, maana hayo ndiyo niliyofundishwa mimi nilipokuwa mtoto, na yamekwisha kupitwa na wakati. Uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ulionyesha mji ulioanza katika karne ya 8 kwa nyumba za miti na udongo. Msikiti wake mdogo wa miti ulijengwa upya mara kadhaa mahali pale pale, hadi ukafika kuwa wa mawe. Huo si mji ulioshushwa merikebuni ukiwa tayari. Ni mji uliokua polepole juu ya ardhi yake wenyewe, huku ukifanya biashara na Waarabu, Waajemi, Wahindi na hata kupokea vyombo vya Uchina. Mwanafunzi wa Machakos au Kakamega akielezwa hivyo, hawezi tena kudhani kwamba Uswahili ni kitu kilicholetwa kutoka nje na hakimhusu.

Wala nisieleweke kwamba nataka watoto wapambiwe sifa tupu. Mtoto mmoja, nadhani Mtaita, aliuliza tulipokuwa chini ya kuta za ngome: mawe haya yalibebwa na nani? Mwongozaji alicheka kidogo, akatuonyesha mizinga. Swali lile lilistahili heshima kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Mashamba ya bara yaliyoilisha Lamu katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na utumwa haukukomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Ngome ile iliyomalizika kujengwa mnamo 1821 ilikuja kuwa gereza tangu 1910 hadi 1984. Wapo watu wazima mjini wanaokumbuka wafungwa. Mambo hayo hayafurahishi mtalii aliyekuja kupumzika, kwa hiyo yameondolewa katika hadithi. Na kwa kuwa hadithi ni ile ile moja, mwanafunzi naye hupewa iliyokwisha kuchujwa.

Shela tulipita kama upepo. Wanafunzi walipanda vilima vya mchanga, wakapigwa picha, wakateremka. Hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa wamesimama juu ya maji ya kunywa ya mji mzima. Mvua ikinyesha pale huchujwa na mchanga, na maji matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi, nayo huvutwa kutoka visimani. Vilima hivyo vikijengwa majumba, au maji yakivutwa kupita kiasi, chumvi itapanda. Ningependa kila mtoto wa Kenya ateremke kilima kile akiwa na hofu kidogo.

Jioni niliketi na mwongozaji wetu kwa chai ya tangawizi. Ni mwenyeji, mzaliwa wa mtaa ulio hatua chache kutoka nyumba ile ya zidaka. Nilimuuliza, bila ukali, kwa nini hakulitaja neno lile. Akanijibu kwa Kiswahili kitamu ambacho hatukukisikia kutwa nzima: "Mwalimu, nikisema nao Kiswahili wenzako hunambia sijui kazi." Akaeleza kwamba shule nyingi humwagiza atumie Kiingereza kwa sababu mtihani wa Historia ni wa Kiingereza, kwamba humpa saa mbili kwa kazi ya siku mbili, na kwamba humlipa kwa kunung'unika. Kijana yule alijua majina yote. Alijua hata bahari ya bamvua na ya maji mafu, na siku za kusi na za kaskazi. Alikuwa ameyaweka kabatini kwa sababu sisi walimu tulikwisha kumwambia kwamba hayana mnunuzi.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba mtahini hataki zidaka. Lakini anayeelewa kwa nini chumba cha Lamu ni chembamba ataweza kulieleza hilo kwa lugha yoyote atakayoulizwa, na asiyeelewa hataokolewa na Kiingereza. Fauka ya hayo, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unatutaka tuwafundishe watoto kwa kutenda na kuona. Sioni mahali paliposemwa kwamba kutenda huko ni lazima kuwe kwa mbio.

Kwa hiyo walimu wanaopanga ziara za likizo zijazo nawaomba wafanye haya machache. Mwalimu wa Kiswahili asiachwe nyumbani eti ziara ni ya Historia. Mahali saba pa kupita papunguzwe yawe matatu ya kukaa. Mwongozaji aambiwe mapema, kwa barua, kwamba wageni wake safari hii ni Waswahili wa shule, na kwamba watamsikiliza kwa lugha yake. Kabla ya kupanga siku ya kwenda Takwa, aulizwe nahodha maji yatajaa saa ngapi, ratiba ifuate maji. Na mzee wa usukani, fundi wa jahazi, au mama wa nyumba ya kale, akiombwa kusema na watoto kwa saa moja, alipwe sawa na anavyolipwa mwenye kibali. Mama yule aliyetupa neno zidaka tulimwachia shukrani tu, tukatoka mbio kuwahi mashua.