Mbele ya kununua antivirusi, angalia Windows

Yaya yangu anatumika ku mine moja upande wa Kolwezi: wiki tatu kule, wiki moja hapa Lubumbashi na jamaa. Mwaka jana alipata primu, na badala ya kununua televizyo akasema: «Mutoto anaingia mwaka wa TFC, anaomba masini, tumupatie.» Akashuka mu ville, akalipa dola 230 kwa laptop moja ya okazyo yenye kutoka Dubai. Mwuzaji akamwambia: «Mukubwa, iko na Windows 11, iko na antivirusi ya miaka mitatu, utalala pole.» Yaya akapanda bisi ya Kolwezi, roho imetulia.

Miezi minne haikutimia. Asubuhi moja masini ilipokea marekebisho ya Windows, skrini ikawa ya bluu, ikajizima, ikawaka, ikajizima tena. Sura mbili za TFC zilikuwa mule ndani, hakuna nakala hata ku flashi. Fundi wa kwanza aliiangalia dakika mbili tu: «Ni virusi. Antivirusi hii haina nguvu, mununue ingine, dola 25.» Shemeji yangu akakaribia kulipa.

Fundi wa pili, kijana wa Katuba mwenye kusoma informatiki, njo alituonyesha ukweli. Virusi haikuwamo hata moja. Windows 11 iliingizwa kwa nguvu mu masini isiyotakiwa kuipokea, na antivirusi ilikuwa ya kraki, toleo la zamani lililotengenezwa kwa Windows 10. Kraki ilikuwa imeitenga na watengenezaji wake, kwa hiyo haikuweza kupokea kitu kipya. Windows ikabadilika ndani, antivirusi ikabaki vile ilikuwa, zikagongana. Mlinzi njo aliangusha nyumba. Sura moja ya TFC iliokolewa mu disiki. Ya pili mutoto aliandika upya, usiku, wakati umeme ulikuwapo.

Tunasema «antivirusi» sawa vile tunasema dawa ya mbu: unapuliza mu chumba chochote, mbu zinakufa. Sivyo. Antivirusi inaingia mpaka mu moyo wa Windows, pahali programu zingine hazina ruhusa ya kufika, juu inapaswa kuangalia kila faili mbele haijafunguliwa. Basi inapaswa kupatana na Windows ile ile iliyo mu masini, kwa toleo lake la leo, si la miaka mitano iliyopita. Windows ikibadilika, antivirusi nayo inapaswa kubadilika. Ile ya kraki haiwezi. Na ukiweka mbili pamoja, sawa vile mafundi wengine wanafanya ili uone umepata kingi, zinapigana zenyewe kwa zenyewe na masini inakuwa mzito kama lori ya mchanga.

Mambo haya hayakuanzia kwa jamaa letu. Januari 2018 Microsoft ilitoa marekebisho ya haraka juu ya makosa mawili ya prosesa, yale yaliitwa Meltdown na Spectre. Antivirusi zingine zilikuwa zinagusa moyo wa Windows kwa njia isiyoruhusiwa, na zikikutana na marekebisho yale, masini ilianguka mu skrini ya bluu. Microsoft ikakata shauri: masini ambayo antivirusi yake haijaweka alama ya kusema inapatana, haitapata marekebisho. Watu wakabaki bila kinga juu ya kitu walichonunua ili kiwakinge. Tena tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni kubwa ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta, ilituma faili moja yenye kosa kwa programu yake, na Microsoft ilihesabu masini milioni 8,5 za Windows zilizoanguka. Ndege zilikaa chini, hospitali zingine zikarudia karatasi na bic. Na ile ilikuwa programu ya kweli, ya kulipia, bila kraki.

Leo jambo hili limetufikia mlangoni, juu ya Windows 10. Ndiyo iko mu masini nyingi za watoto wetu, na mu zile za vijumba vya kuandikisha barua na kupiga fotokopi, kuanzia soko Kenya mpaka njia ya Kasapa. Microsoft iliiacha tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika: inawaka, inaandika, inachapa. Lakini tundu jipya likionekana, hakuna anayekuja kuliziba, isipokuwa kwa mutu aliyejiandikisha (nitafika hapo).

Na wauzaji wamepata wimbo mpya: «Usiogope, weka antivirusi ya nguvu, Windows 10 itaendelea.» Sisi watu wa mine tungepaswa kucheka. Kaske inalinda kichwa juu ya jiwe dogo. Haishiki dari ya galeri. Kama miti ya kutegemeza imeoza, ununue kaske ya dola 10 ao ya dola 100, utashuka na roho ile ile ya woga. Windows njo miti. Antivirusi njo kaske. Mei 2017 virusi ya WannaCry iliingia mu nchi zaidi ya 150, ikafunga faili za watu na kudai feza. Dawa ya tundu ilimopitia Microsoft ilikuwa imeitoa tangu tarehe 14 Machi, miezi miwili mbele. Walioweka marekebisho, tundu lao lilikuwa limezibwa. Wengi hawakuyaweka.

Nitakubali jambo moja, juu sipendi kutisha watu bure. Windows 10 iko na antivirusi yake ndani, Defender, bila kulipa, na Microsoft ilisema itaendelea kuipatia alama za virusi mpya mpaka Oktoba 2028. Basi masini yako haikufa jana. Tena Microsoft ilifungua njia ya kujiandikisha upate marekebisho ya hatari kubwa mpaka tarehe 13 Oktoba 2026: dola 30, ao bure kama unakubali mipango ya masini yako ihifadhiwe mu konti yako ya Microsoft. Inaomba Windows 10 ya kweli, toleo 22H2. Ile ya kraki, usihesabu.

Najua pia watu watajibu: mega ni bei kali. Kweli. Mutu mwenye kununua mega za siku moja hawezi kuziacha Windows izile zote, njo maana wengi wanafunga marekebisho kabisa. Ninawaelewa, lakini ni hesabu mbaya. Kama kazini ao ku univerisite kuna wifi, peleka masini pale mara moja kwa mwezi uiache ipokee. Alama za Defender unaweza hata kuzipakua peke yake, faili moja, uzibebe na flashi mpaka nyumbani. Ila flashi yenyewe ichunguzwe kwanza, juu hapa kwetu virusi nyingi zinatembea kwa flashi, kutoka fotokopi moja mpaka ingine.

Sasa kwa mwenye kununua. Kujua kama masini inaweza kupokea Windows 11 hakuombi diplome. Angalia jina la prosesa. Kama ni Intel na imeandikwa i5-6300U, tarakimu ile ya kwanza nyuma ya kistari ni 6: kizazi cha sita. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inaomba karibu siku zote kizazi cha 8 kwenda juu, sawa i5-8250U. Ukiona tarakimu tano, sawa i5-10210U, soma mbili za kwanza: ni cha 10. Inaomba pia kipande chenye kutunza funguo za siri, TPM 2.0, bonyeza Windows pamoja na R, andika tpm.msc, masini yenyewe itakujibu. Mwuzaji akikataa ufanye hivyo mbele yake, jibu umekwisha kulipata.

Masini ya kizazi cha 6 si ya kutupa, hapana. Bei yake tu njo inapaswa kushuka. Ile ya yaya tuliirudisha ku Windows 10, maana leseni ya kweli ilikuwa mule tangu kiwandani. Tukaondoa antivirusi ya kraki, tukaacha Defender peke yake, tukaiandikisha. Oktoba ikifika, kijana wa Katuba ataweka Linux Mint, ya bure, na mutoto ataendelea kuandika na LibreOffice. Atalalamika juma moja, kiisha atazoea.

Lakini si haki mzigo wote ukae juu ya mutumishi mwenye kuja nyumbani wiki moja kwa mwezi. Kama kampuni yako inauzia watumishi kompyuta za zamani za biro, hasa kwa kukata ku mushahara, délégation syndicale iombe jambo dogo sana: kwa kila masini iandikwe kizazi cha prosesa, TPM iko ao haiko, leseni ni ya kweli ao hapana. Wenye biro ya informatiki wanajua hayo yote; ni mustari mmoja wa karatasi. Kama kampuni inaiondoa masini kwa sababu haipokei Windows 11, inapaswa kumwambia anayeinunua, na bei ifuate. Na maduka ya mu ville yaandike vile vile ku fakture. Mwuzaji wa gari ya okazyo anaandika mwaka na namba ya motere, tena hatumshukuru, ni kawaida.

Fakture ya yaya niko nayo hapa mezani. Imeandikwa paka «laptop 1, dola 230», na muhuri. Akirudi likizo yake ya mwezi huu, tutashuka naye mu ville, tumwombe mwuzaji aandike yale mengine kwa mkono wake.