Masinde aliitwa kichaa, lakini swali lake lilikuwa shamba

Ukitaka kuzima hoja ya mtu hapa Kenya, huna haja ya kuijibu. Sema tu, "Huyo akili zimeruka," na stori inaisha hapo. Wakoloni waliijua mbinu hii kabla yetu. Muulize Elijah Masinde.

Wengi wetu wa Bungoma na Kitale tunamjua Masinde kwa stori za utabiri na laana. Wachache wanajua kwamba kwanza alikuwa mwanasoka. Alitoka pande za Kimilili, na mwaka 1930 alichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alikuwa muumini wa kanisa la Friends, wakakosana alipooa mke wa pili.

Miaka ya 1940 akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Alifundisha watu wamwabudu Mungu kama babu zao walivyomwabudu, watoe sadaka, wauheshimu Mlima Elgon. Na akaongeza jambo moja lililowakosesha wakubwa usingizi: mzungu arudi kwao, ardhi aiache.

Sasa hebu fikiria Trans Nzoia ya wakati ule. Mashamba ya Kitale yalikuwa ya walowezi, na Wabukusu wengi waliishi humo kama vibarua na maskwota. Kumwambia kibarua kwamba bosi wake ndiye mgeni, hayo hayakuwa mahubiri ya Jumapili tu.

Mwaka 1945 serikali ikaamua hana akili timamu, ikampeleka hospitali ya Mathari, Nairobi. Alitoka 1947. Mwaka huohuo aliwaongoza waumini hadi Chetambe, karibu na Webuye, kuwakumbuka waliouawa na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Februari 1948, polisi waliufyatulia risasi umati kule Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akahamishiwa Lamu.

Hapo ndipo mimi huuliza: mtu akiwa mgonjwa wa akili, si unamtibu? Mbona upige dini yake marufuku na kumpeleka upande wa pili wa nchi? Walimsikia vizuri sana, ndiyo maana.

Uhuru ulipokuja, mambo hayakubadilika sana. Serikali ya Kenyatta iliipiga dini hiyo marufuku tena mwaka 1968, na Masinde akaendelea kuzoea jela. Alifariki 1987.

Najua kuna msee atasema: na Shakahola je? Sawa kabisa. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kule Kilifi, kwa hivyo lazima walimu wa dini wahojiwe. Lakini tuwahoji kwa maswali ya maana. Anawazuia watu kula? Anawakataza watoto shule na hospitali? Mtu akitaka kuondoka, anaachwa aende? Mei mwaka huohuo Yesu wa Tongaren alikamatwa hapa Bungoma, kisha akaachiliwa bila mashtaka. Sisi tulikuwa bize kuchekea kanzu yake mtandaoni.

Simfanyi Masinde malaika. Wafuasi wake walilaumiwa kwa kuchoma majengo, na kuchomea mtu nyumba ni kosa hata kama unadai haki. Lakini moto haufuti swali la shamba. Leo kijana wa Kitale anakodi kipande cha shamba kulima mahindi, huku ekari kwa ekari zikiwa za watu ambao hata hawaishi hapa. Akiuliza zilipatikanaje, anaambiwa ana kiherehere.

Kwa hivyo siku nyingine ukisikia mtu anaitwa kichaa, usicheke kwanza. Uliza alikuwa anasema nini, na nani hapendi kisikike.