Warithi, kaombeni kuliona jalada

Tangu nistaafu ukarani wa mahakama za mwanzo, watu wa Muleba wanaoshuka Bukoba mjini hupitia kwangu Kashai na makaratasi ya mirathi. Wengi huja na karatasi moja tu, Fomu Namba 4, ile barua ya kumteua msimamizi. Fomu nyingine hawajawahi kuziona.

Hivi karibuni alikuja binti mmoja. Baba yake alipofariki, ukoo ulikaa, muhtasari ukaandikwa, baba mdogo akapendekezwa na mahakama ikamteua. Sasa baba mdogo anavuna kahawa ya kibanja chote, ameshauza kipande cha barabarani, na akiulizwa anaonyesha Fomu Namba 4: mahakama imenipa mimi.

“Babu, kweli mahakama inaweza kumpa shamba la baba yetu?”

Haiwezi, na haikumpa. Msimamizi ameteuliwa akusanye mali ya marehemu, alipe madeni, kisha awagawie warithi. Kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo zinamtaka alete Fomu Namba 5 ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, akitaja kila mali na kila deni. Baada yake ni Fomu Namba 6, hesabu ya alichokusanya, alicholipa na nani alipata nini. Na mrithi au mdai anaweza kuomba uteuzi utenguliwe, iwapo ulipatikana kwa hila au msimamizi anawaumiza warithi kwa makusudi au kwa uzembe.

Warithi wengi hudhani jalada ni la msimamizi. Si lake. Nenda mahakama iliyomteua ukiwa na namba ya shauri na mwaka wake. Usipokuwa na namba, mpe karani jina la marehemu na mwaka wa maombi, atafute kwenye rejista. Andika barua kuomba kulikagua na kupewa nakala zilizogongwa mhuri. Kisha soma Fomu Namba 1, ile ya maombi, uone nani wametajwa kuwa warithi. Nimeshika majalada ambayo marehemu ana watoto wa kiume watupu, wakati mabinti zake walikuwa msibani wakipika. Soma na muhtasari wa ukoo, uangalie sahihi moja moja.

Sisi watu wa Kagera tuna sababu ya kulijali jambo hili kuliko wengi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa hapa mwaka 1983, na miaka iliyofuata ikaacha nyumba nyingi mikononi mwa watoto na bibi zao. Nimekutana na watoto wa wakati ule, sasa watu wazima, wakitafuta karatasi ya kibanja cha baba wasiipate, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufungua mirathi.

Karatasi zikiwepo, mnyonge ana pa kuanzia. Mwaka 1988, katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, mwanamke mzee alishtakiwa na mtoto wa ndugu yake kwa kuuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Alishindwa, eti mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza. Mahakama ya Wilaya ikageuza uamuzi huo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba Katiba inampa mwanamke haki ileile ya mwanaume. Ndiyo kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, inayosomwa leo na wanasheria mbali kabisa na Muleba.

Sioni kwa nini mahakama isubiri mrithi alalamike. Tarehe ya uteuzi imo kwenye rejista. Miezi minne ikiisha bila Fomu Namba 5, msimamizi aitwe ajieleze mbele ya warithi. Kazi hiyo inahitaji hati ya wito na karani aliyeagizwa kuifuatilia, basi.

Jalada la yule binti lilikuwa na Fomu Namba 1 na Namba 4 tu, na jina lake halimo kati ya warithi. Ameshaandika barua ya kuomba uteuzi utenguliwe. Nawe ambaye mirathi ya mzazi wako ilifunguliwa miaka mingi iliyopita, nenda ukaulize Fomu Namba 5 na Namba 6 ziko wapi. Zisipokuwepo, omba kwa maandishi msimamizi aitwe, na nakala ya barua yako irudi nawe nyumbani ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa.