Oili ya nyonyo ianze na msumeno

Oili ya injini hukaa ndani ya injini mpaka siku ya kumwagwa. Oili ya mnyororo wa msumeno haikai popote. Hutoka kwenye tenki, hupaka mnyororo, kisha hurushwa pamoja na unga wa mbao na kuishia ardhini, na tenki yake huisha karibu sawia na ya petroli. Kwa kuwa oili mpya ni ghali, wapo wanaomimina oili chafu iliyotolewa kwenye magari, yenye masizi na chembe za chuma.

Wilayani Kilosa jambo hili lina uzito wake. Kuanzia 2012 vijiji kadhaa, vikisaidiwa na mashirika ya uhifadhi wa misitu TFCG na MJUMITA kwa fedha za Uswisi, vilianza kuvuna misitu yao kwa mpango, ili msitu ukilipe kijiji nacho kijiji kiulinde. Maji ya milima ya huko hushukia mto Mkondoa, kisha Wami. Upande wa Mikumi, barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza katikati ya hifadhi ya taifa, na malori yanayoharibikia njiani hutengenezwa papo hapo. Oili inayomwagika kando ya barabara nayo hungoja mvua tu.

Je, tukamue vilainishi kutoka kwenye mbegu? Wapinzani huanza na sufuria: nchi inayoagiza mafuta ya kula kutoka nje haiwezi kupakaza alizeti kwenye chuma. Nakubaliana nao, tena kuna sababu ya kiufundi. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na asidi hiyo hushikana na hewa haraka. Msumeno ukilazwa wiki chache na mafuta hayo, mnyororo hugandia kwenye reli yake kama uliopakwa vanishi.

Nyonyo ni habari nyingine. Hailiwi, na karibu asilimia 90 ya mafuta yake ni asidi ya risinoleiki, isiyokauka upesi. Hung'ang'ania chuma vizuri. Ndege nyingi za Vita Kuu ya Kwanza zilitumia mafuta hayo kwenye injini zao. Lakini ni mazito mno: kwenye nyuzi 40 za selsiasi mnato wake hukaribia sentistoki 250, karibu mara mbili ya oili nyingi za minyororo, kwa hiyo yapunguzwe kwa mafuta mengine ya mimea. Tena hayapatani vizuri na oili ya petroli. Fundi akiyajazia juu ya mabaki ya oili ya zamani, huenda yakajitenga ndani ya tenki, na lawama zote ziwaangukie waliokamua.

Hapo ndipo upimaji unapostahili fedha kuliko semina. Mafuta yaliyokamuliwa kijijini yaondolewe utomvu, yapimwe asidi na mnato, kisha yapite kwenye mashine ya mipira minne, ambamo mpira mmoja wa chuma huzungushwa juu ya mitatu na kovu la msuguano hupimwa. Baada ya maabara, msituni: misumeno miwili ya aina moja, mti wa aina moja, halafu reli zipimwe zimelika kiasi gani. Chuo cha ufundi cha VETA Mikumi kina mafundi, na Chuo Kikuu cha Kilimo, SUA, kiko Morogoro mjini. Mashudu ya nyonyo nayo yana sumu ya risini. Mpango usiosema yatapelekwa wapi haujakamilika.

Mkulima asiahidiwe utajiri. Mbono kaburi (jatropha) ulikuja na ahadi kama hizo: kampuni ya Bioshape ikaanguka Kilwa, na ya Sun Biofuels ikakwama Kisarawe mwaka 2011, wanakijiji wakibaki bila ardhi na bila ajira. Soko la oili ya minyororo Kilosa ni dogo, na chupa ya nyonyo tayari ina mteja wake, yule anayepaka nywele. Bila kulazimishwa, mchana mbao atachagua oili chafu kwa sababu bei yake ni kama bure.

Austria ilipiga marufuku oili ya petroli kwenye misumeno tangu miaka ya 1990. Kijiji chenye msitu wake, chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, kinaweza kutunga sheria ndogo. Sharti la kwanza kwenye kibali cha kuvuna liwe kukataza oili chafu, na hilo halihitaji kungoja hata punje moja ya nyonyo ikamuliwe.