Kazi ya meli si ile ya kwenye runinga
Kwenye The Love Boat, kipindi cha Marekani kilichoanza 1977, Julie McCoy, msimamizi wa burudani melini, kazi yake ni kama kutabasamu tu. Kumbe ni jasho: ratiba, matangazo, wasanii, manung'uniko ya abiria, miezi kadhaa mbali na nyumbani. Na wengi hawakuanzia hapo, walianza kwa kuimba au kuchezesha watoto. Sasa wewe wa Likoni au Kayole, ajenti akikuitisha pesa akupe cheo hicho moja kwa moja, shtuka. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Pasipoti utajilipia. Viza ni juu ya mwenye meli.