Baada ya mionzi, tendo la ndoa lizungumzwe kliniki (Sehemu ya 4)

Jana tuliongelea mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi. Leo tuongelee chumbani, jamani.

Mama akimaliza mionzi anapewa tarehe ya kurudi, anaelezwa dawa na chakula. Tendo la ndoa mara nyingi halitajwi. Anafika nyumbani, anajaribu, anaumia, ananyamaza. Mume naye anaogopa kumuumiza, au kasikia mtaani kwamba ataambukizwa. Anahamia kitanda kingine. Kila mmoja anadhani mwenzake hamtaki tena.

Ukweli ni huu. Mionzi ya nyonga hukausha uke, na makovu yanaweza kuufanya ubane na kuwa mfupi. Ovari nazo huacha kazi, kwa hiyo hata mama wa miaka 35 hedhi inakoma, joto linampanda ghafla, hamu inapungua. Usijilaumu, ni mwili.

Na mwili unasaidiwa. Wiki chache baada ya mionzi, daktari akikuruhusu, kuna kifaa laini cha kutanulia uke, kinatumika mara kadhaa kwa wiki ili usizidi kubana. Kinarahisisha hata vipimo vyako vya kliniki. Vilainishi vya maji vipo famasi. Kuhusu homoni, muulize daktari. Mkianza, anzeni taratibu, na ukisema "subiri", asubiri. Usipotaka, hulazimiki.

Baba naye asikie: saratani haiambukizwi kwa tendo la ndoa, na matibabu yakishaisha, mkeo hana mionzi ya kukudhuru. Ila damu ikitoka na kuendelea, rudini hospitali.

Wapo wanaosema, "Mgonjwa wa saratani anawaza mapenzi kweli?" Anawaza, kwa sababu bado ni mke wa mtu. Mimi naamini mhudumu ndiye aanze kuuliza, maana mama ataona haya. Wengi mnatoka mikoani kuja Dar au Mwanza, mnakaa wiki 5 au zaidi, mume yuko mbali, hajasikia lolote. Apigiwe simu, aelezwe.

Asipouliza mtu, anza wewe: "Nesi, nikirudi nyumbani, mimi na mume wangu itakuwaje?" Swali hilo halina aibu. Ni sehemu ya matibabu yako.

Mtumie mwenzio anayemaliza mionzi. Kesho tutaongelea mkojo na choo baada ya mionzi.